Tairi Lililoliwa kwa Ndani

Msomaji mpenzi, tazama kiatu chako cha zamani. Je, kisigino kimelika sawasawa, au kimelika upande mmoja? Kama kimelika upande, usilaumu kiatu. Mguu ndio unaokanyaga upande. Ukinunua kiatu kipya, nacho kitalika pale pale. Ndivyo ilivyo kwa tairi la motokaa, nasi katika parokia yetu tumejifunza jambo hili kwa hasara.

Mimi ni karani wa parokia, na daftari la mapato na matumizi nalishika mimi. Katika daftari hilo niliandika siku moja: tairi 2 za nyuma, gari la Baba Paroko. Miezi 5 haijatimia, nikaandika tena: tairi 2 za nyuma. Sikuuliza neno. Nilijiambia tu kwamba barabara ni mbaya. Kumbe fedha zile ni sadaka za watu. Huyu ameuza asali, yule ameuza tumbaku, na bibi fulani ameuza kuku wake wa pekee.

Hata mvua zikaja. Usiku mmoja Paroko aliitwa kumpa mgonjwa Sakramenti katika kigango cha mbali. Njiani tairi moja la nyuma likapasuka. Gari likayumba, likasimama ukingoni mwa korongo. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo. Basi Paroko na katekista wakaenda kwa miguu gizani muda wa saa mbili. Walimkuta mgonjwa yu hai bado, Mungu ashukuriwe. Lakini je, kama wangemkuta amekwisha kufa?

Asubuhi tulilitazama tairi lile. Upande wa nje meno yake yalikuwa mazima. Upande wa ndani, ule unaoelekea chini ya gari, lilikuwa kipara kabisa, na nyuzi zilionekana. Kila siku tulikuwa tumelitazama kwa nje tu.

Tukamwita fundi mmoja mzee. Mimi nilikuwa tayari na fedha za kununua tena. Akaniambia, "Karani, weka fedha zako. Nipe kamba."

"Kamba ya nini, Mzee?"

"Ya kuyauliza magurudumu ya nyuma yanaelekea wapi."

Nilidhani anatania. Nilijua ya kuwa magurudumu ya mbele hupimwa na kunyooshwa, kwa kuwa ndiyo yanayogeuka. Sikujua kwamba na ya nyuma yaweza kupotoka. Fundi akanikumbusha misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo kupita hapa Tabora mpaka Ujiji, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mbele alikwenda kirangozi, na kila mtu alimtazama yeye. Lakini wakubwa wa msafara walipenda kukaa nyuma, wasije wapagazi wakabaki njiani au kutoroka na mizigo. Walijua kwamba msafara huharibikia nyuma. Akasema, "Na ninyi mmemtazama kirangozi tu."

Mwenye baiskeli ataelewa upesi. Ukifunga gurudumu la nyuma bila kulinyoosha, nati moja mbele kidogo na nyingine nyuma kidogo, gurudumu hukaa upande. Baiskeli huenda, lakini ni nzito, na tairi hulika. Katika baadhi ya motokaa za siku hizi kila gurudumu la nyuma hushikwa peke yake na mikono ya chuma, na penye viungo pana bushi za mpira. Mkono ukipinda kwa kuingia shimoni, au bushi zikichoka, gurudumu hupotoka kidogo. Macho hayaoni, lakini tairi huona.

Sasa fuata hesabu hii. Fundi alisimamisha gari mahali tambarare, akajaza tairi upepo sawasawa, akanyoosha stelingi. Akavuta kamba ubavuni mwa gari, kila upande, kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Akahakikisha kwamba kamba ya kulia na ya kushoto ziko mbali sawa na vitovu vya magurudumu ya mbele, na vivyo hivyo kwa ya nyuma. Kisha akapima kutoka kamba mpaka ukingo wa rimu la nyuma, mbele yake na nyuma yake. Mbele ya rimu ilikuwa karibu na kamba kuliko nyuma yake kwa milimita 4. Maana yake gurudumu lilitazama nje. La pili nalo vile vile.

Milimita 4 ni kitu gani? Rimu lile lilikuwa na upana wa kama milimita 400. Basi ni 1 katika 100. Gari likienda mita 100, tairi huburutwa ubavu mita 1. Likienda kilometa 1, ni mita 10. Kutoka Tabora mpaka Nzega ni kama kilometa 115, basi katika safari hiyo moja tairi huburutwa zaidi ya kilometa nzima, kama mtu anayeburuta mguu. Na gurudumu linalotazama nje hulika upande wa ndani, usioonekana. Linalotazama ndani mno hulika upande wa nje.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa taratibu hii. Kwanza fundi alitikisa magurudumu kuona kama beringi zimelegea, akakagua bushi na mikono. Bushi zilikuwa zimekwisha, na mkono mmoja umepinda, akaviweka vipya. Kunyoosha gurudumu juu ya bushi mbovu ni kazi bure, kwa maana kesho litapotoka tena. Pili, aliweka alama kwenye bolti ya kurekebishia kabla ya kuilegeza. Bolti hii ina duara ambalo tundu lake haliko katikati, na ukiizungusha kidogo, husogeza mkono nao hugeuza gurudumu. Tatu, alikaza bolti za bushi gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, ili mpira usijipinde ukakatika. Mwisho ndipo akarekebisha ya mbele. Siku zote huanzwa nyuma, kwa sababu magurudumu ya mbele yapaswa kufuata njia inayosukumwa na ya nyuma.

Baadaye tulipeleka gari mjini penye mashine ya kupimia, ile kazi ambayo mafundi huiita alaimenti. Kamba huonyesha ugonjwa, lakini kipimo kamili hutoka katika kitabu cha gari hilo. Ukienda, omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, vya magurudumu yote 4. Ukipewa vya mbele tu, kazi ni nusu.

Na wenye pikapu za kubeba mizigo? Nyingi zina ekseli moja nzima juu ya springi za vyuma vilivyopangwa, wala hazina bolti ya kurekebishia. Hapo pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele mpaka cha nyuma, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, huenda bolti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imesogea. Gari huenda kiubavu kama mbwa akimbiavyo. Kama vinalingana na bado tairi hulika upande, yamkini ekseli imepinda. Magunia kupita kiasi ndiyo huleta mengi ya haya.

Kila tairi laonyesha alama zake. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika kando zote mbili, upepo umepungua. Likilika mabaka mabaka, tazama shokapu. Likilika upande mmoja, tafuta kamba. Basi kila Jumamosi, gari likiwa limezimwa na kufungwa breki, pitisha mkono upande wa ndani wa kila tairi. Ila usiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Wengi wamekufa hivyo.

Tairi tulizonunua baada ya matengenezo zimekwisha kumaliza mwaka, nazo zimelika kidogo na sawasawa. Kila ninapofungua daftari langu naona aibu kwa mistari ile miwili niliyoiandika bila kuuliza. Kuandika matumizi si kutunza mali ya watu. Mtunzaji huuliza kwa nini kitu kile kile kinanunuliwa tena. Ndugu msomaji, iwe ni tairi la gari, jembe linalovunjika kila mwaka, au fedha ya nyumbani inayokwisha kabla ya mwezi, usiharakishe kununua kipya. Tafuta kwanza kinachokila, tena kitafute upande usiouona.