Mwili Wetu Si Aibu

Zamani katika nchi ya Wamakonde, toka Newala juu hata kuteremkia Masasi, chale za usoni na ndonya ya mdomo wa juu ndivyo vilivyokuwa urembo. Watu wa mijini walipovicheka, vijana wakaona haya, na leo vimebaki kwa wazee wachache. Lakini haya haikuondoka: binti huuonea haya weusi wake akanunua mkorogo, mama mnene huchekwa, na mwembamba naye husimangwa.

Sisi twasema: kila mwili una heshima yake. Mikono iliyookota korosho na kichwa kilichobeba maji kutoka bondeni havihitaji kibali cha mtu.

Walakini kuupenda mwili si kuuacha uharibike. Zebaki iliyomo katika baadhi ya mikorogo huharibu figo; ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipodozi vya namna hiyo. Shinikizo la damu nalo humpata mnene na mwembamba, tena kimya kimya. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima autumikishe mwili dakika 150 kwa juma, na chumvi isifike gramu 5 kwa siku. Mkulima huzimaliza dakika hizo kwa jembe. Karani na dereva yawapasa kutembea.

Basi, ndugu wananchi, aendaye zahanati kupimwa asiende kwa kulichukia umbo lake, bali kwa kulithamini. Na ampimaye asimcheke: aliyedhihakiwa hukawia kurudi, na maradhi hayamngoji.