Mguu Usiochoka: Je, Lori la Zamani Lifungwe Kitunza-Mwendo?

Siku moja mwanafunzi wangu wa uhandisi alinijia ofisini na swali ambalo halikutoka darasani. Mjomba wake anayo lori ya Bedford ya miaka ya 1960, yenye injini ya petroli, aliyoinunua ikiwa chakavu na kuifufua kwa mikono yake mwenyewe. Mara kwa mara hupakia viazi Iringa na kuvipeleka Dar es Salaam, safari ya takriban kilometa 500. Kila afikapo Chalinze mguu wake wa kulia huwa umekufa ganzi kwa kukandamiza kanyagio la mafuta. Mzee huyo alikuwa amesikia kwamba kipo kifaa cha kulishika kanyagio hilo badala ya mguu, akamtuma mpwa wake kuulizia. “Mwalimu,” aliniambia kijana, “fedha anazo, na kifaa kinapatikana. Nimfungie, au nisimfungie?”

Swali hilo ni jepesi kuliuliza, lakini jibu lake linagusa sehemu kubwa ya fizikia inayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Katika makala haya tutaeleza kifaa hicho ni nini, kinafanyaje kazi, na kwa nini jibu sahihi hutegemea barabara na gari kuliko kifaa chenyewe.

Jina na asili yake

Tukiite kifaa hicho kitunza-mwendo. Madereva wengi hukiita kruzi. Kisichanganywe na kidhibiti mwendo, kile ambacho kwa mfano Kenya iliagiza kifungwe katika matatu zote mwaka 2004, ili zisizidi kilometa 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo ni ukuta: humzuia dereva asipite kiwango fulani, lakini chini ya kiwango hicho humwacha huru. Kitunza-mwendo, kwa upande wake, ni mtumishi: dereva huchagua mwendo, hubonyeza kitufe, huondoa mguu, nacho kifaa huongeza au hupunguza mafuta ili mwendo ubaki uleule.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko motokaa. Mwaka 1788 James Watt, mhandisi wa Uskoti, aliifungia injini ya mvuke mipira miwili ya chuma iliyozungushwa na injini hiyohiyo. Injini ilipokwenda kasi mno mipira ilitanuka na kuvuta wenzo uliopunguza mvuke. Ilipozorota mipira ilinywea, mvuke ukaongezeka. Watt hakubuni mipira hiyo, kwani wenye vinu vya upepo walikwisha kuitumia. Sifa yake ni kuihamishia kwenye injini ya mvuke.

Katika magari ya sasa wazo hilo linahusishwa na Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyepofuka tangu utotoni. Hataza yake ilitolewa mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza magari yenye kifaa cha namna hiyo. Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, serikali ya Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilometa 88, katika barabara zake kuu. Kifaa hiki kikapata wapenzi wengi miongoni mwa watu waliosafiri siku nzima katika barabara pana na zilizonyooka. Msomaji aikumbuke picha hiyo ya barabara, kwa maana tutairudia.

Kinavyofanya kazi

Kitunza-mwendo kina viungo vitatu. Cha kwanza ni jicho, yaani kipima-mwendo. Katika gari la zamani mafundi hubandika sumaku ndogo kwenye propela na kuweka karibu yake koili ya waya. Kila sumaku inapopita, mshituko mdogo wa umeme huzaliwa katika koili. Mishituko ikiwa mingi kwa sekunde, gari linakwenda kasi.

Kiungo cha pili ni ubongo: kisanduku cha umeme kinacholinganisha mwendo uliopo na mwendo uliochaguliwa, kisha kutoa amri kufuatana na tofauti iliyopo baina yao.

Kiungo cha tatu ni mkono unaovuta kilango cha hewa cha kabureta. Mara nyingi mkono huo ni kiwambo cha mpira kinachovutwa na ombwe linalotokea katika bomba la kuingizia hewa. Hapa kuna kitendawili kizuri kwa darasa. Ombwe hilo ni kubwa wakati kilango kimefungwa, na hutoweka kilango kinapofunguka kabisa. Maana yake ni kwamba gari linapopanda mlima, wakati ambapo mkono unahitaji nguvu zaidi, ndipo nguvu zake zinapopungua. Kwa sababu hiyo mafundi huongeza tangi dogo la kuhifadhi ombwe, lenye vali ya njia moja, au hutumia mota ya umeme. Injini ya kawaida ya dizeli haina kilango cha namna hiyo, hivyo haina ombwe la kutegemewa mpaka ifungiwe pampu yake.

Viungo hivyo vitatu hufanya duara: mkono hubadili mwendo, jicho huuona mwendo uliobadilika, ubongo hutoa amri mpya. Duara hilo huitwa mrejesho. Mwili wa binadamu hutunza joto lake kwa njia hiyohiyo, na jokofu hutunza baridi yake vivyo hivyo.

Ugonjwa wa kuyumba

Mrejesho hauna budi kuwa mwepesi. Amri ikichelewa kufika, marekebisho huja wakati hayahitajiki tena. Mwendo ukishuka, kifaa huongeza mafuta. Kabla athari haijaonekana, huongeza tena. Kisha gari hupitiliza, nacho hupunguza kupita kiasi. Gari huenda likikimbia na kusinzia, kukimbia na kusinzia. Injini nyingi za mvuke za karne ya 19 ziliugua maradhi hayo, na mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika makala maarufu yenye hesabu ya kutambua lini mtambo utatulia na lini utayumba.

Hapa ndipo uzee wa lori unapoingia katika hesabu. Kati ya kanyagio na kabureta ya gari la zamani mna fito, pini na bushi zilizolika kwa miaka mingi. Ukilitikisa kanyagio kwa kidole utaona linacheza kidogo kabla kabureta haijasikia chochote. Mguu wa dereva umekwisha kuuzoea mchezo huo, lakini kifaa hakiujui. Kwake mchezo huo ni ucheleweshaji, na ucheleweshaji huzaa kuyumba. Lililo baya zaidi, fito chakavu huweza kukwama. Kanyagio likikwama chini ya mguu, dereva hulihisi mara moja. Likikwama mguu ukiwa umepumzika, hatalijua mpaka atakapohitaji kupunguza mwendo.

Mlima na mteremko

Sasa tupige hesabu. Tuchukue lori lenye uzito wa jumla wa tani 8 likienda kilometa 60 kwa saa, yaani meta 16.7 kwa sekunde. Katika tambarare linapingwa na mambo mawili: ukinzani wa magurudumu, kama nyutoni 800, na ukinzani wa hewa, nao kama nyutoni 800. Jumla ni nyutoni 1,600. Tukizidisha kani hiyo kwa mwendo tunapata kilowati 27 hivi. Kazi hiyo ni nyepesi kwa injini ya kilowati 75.

Lori hilo likifika kwenye mwinuko wa meta 5 kwa kila meta 100, uzito wake huongeza upinzani wa nyutoni 3,900 hivi. Jumla inakuwa nyutoni 5,500, na kuutunza mwendo uleule kunahitaji kilowati 92. Injini haina uwezo huo. Kitunza-mwendo kitafungua mafuta mpaka mwisho, na bado mwendo utashuka. Dereva lazima akanyage klachi na kubadili gia. Akiikanyaga klachi ilhali kifaa kimeshikilia mafuta, injini iliyotuliwa mzigo ghafla itanguruma kupita kiasi na kuweza kuvunjika. Kwa hiyo katika gari la gia za mkono swichi ya kukizima kifaa haina budi kuwekwa kwenye klachi pia, wala si kwenye breki peke yake.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili wa mlima. Katika mteremko wa kiasi hichohicho, uzito unalisukuma lori kwa nyutoni 3,900, nao ukinzani unazuia 1,600 tu. Zinabaki nyutoni 2,300. Kifaa kitafunga mafuta kabisa, kisha kitakuwa kimefika mwisho wa uwezo wake, kwa maana kimeshika mafuta tu, breki hakikuzishika. Hata tukikisia kwamba injini katika gia ya juu inazuia nusu ya kani iliyobaki, katika dakika moja mwendo utapanda kutoka kilometa 60 hadi 80 hivi kwa saa. Nishati ambayo breki zitatakiwa kuigeuza kuwa joto itakuwa imeongezeka karibu mara 1.8, kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba. Breki za ngoma zilizopata joto kali hulegea, na breki zilizolegea mlimani si jambo la kujaribiwa.

Katika mteremko, dereva mwenye busara hushusha gia kabla hajaanza kuteremka. Yeye huuona mlima kabla ya kuufikia. Kifaa huujua tu baada ya mwendo kubadilika. Hiyo ndiyo tofauti kuu baina ya mguu wa binadamu na kitunza-mwendo cha namna hii: kifaa kinaiona spidi, lakini hakiioni barabara.

Lini jibu ni ndiyo

Isidhaniwe kwamba kifaa hiki hakifai. Mtu mwenye pikapu ya petroli ya miaka ya 1960 huko Marekani, anayesafiri katika tambarare za majimbo ya kati na asiyebeba mzigo mzito, anaweza kukifunga na kufaidika. Mguu utapumzika, mwendo hautapanda bila yeye kujua, na mafuta yataokolewa kidogo kwa kuepuka kukanyaga na kuachia ovyo. Hata yeye inampasa kwanza aondoe mchezo katika fito, afunge springi mbili za kurudisha kilango ili moja ikikatika nyingine ibaki, na ahakikishe breki inakizima kifaa kwa njia mbili: kwa kukata umeme na kwa kuachia ombwe. Aidha achunguze betri. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yaliunganisha ncha chanya ya betri na bodi, ilhali visanduku vya sasa hutaka ncha hasi. Kuvifunga bila kujali ni kuviunguza.

Wenye malori ya dizeli nao wana kishawishi chao. Baadhi ya pampu za dizeli zina kitunza-mwendo cha injini ndani yake, na kuna wenzo wa mkononi wa kuongezea mafuta. Ukiuvuta, injini hushika mzunguko wake bila mguu. Wenzo huo uliwekwa kwa ajili ya kazi za gari lililosimama, kama kuendesha pampu. Haufai barabarani, kwa sababu hauachii dereva anapokanyaga breki.

Jibu tulilompa mjomba

Mimi na kijana tuliichora barabara ya mjomba kwenye karatasi. Akitoka Iringa na mzigo kamili, hateremki sana kabla ya kukutana na kona za Kitonga. Baadaye huingia Hifadhi ya Mikumi, ambako wanyama huvuka barabara. Kisha hufuata miji na vijiji vyenye matuta, ambako sheria humtaka asizidi kilometa 50 kwa saa, na msongamano wa malori mengine mpaka Dar es Salaam. Tulipotia alama sehemu ambazo kifaa kingetumika kwa dakika kumi mfululizo bila kuzimwa, alama zilikuwa chache mno. Jibu likawa: asifunge.

Lakini maumivu ya mguu yalikuwa ya kweli, na sayansi inayosema “hapana” kisha ikaondoka haijamaliza kazi yake. Nilimshauri kijana apime kwa mizani ya springi kani ya kulisukuma kanyagio. Alirudi na habari kwamba lilihitaji nguvu nyingi, na kwamba hata baada ya kuondoa springi bado lilikuwa zito: bushi zilikuwa zimeshika kutu. Walizibadilisha, wakazitia grisi, wakainua kiti ili kisigino kipate kuegemea sakafu. Kwa kazi hiyo ndogo mguu ulipata nafuu kubwa. Mjomba alisikitika kidogo kukosa kitufe chake, lakini sasa anasimama Morogoro kunyoosha miguu, jambo ambalo kitufe kisingemfundisha.

Jaribio la darasani

Chora mstari ulionyooka wa meta 20 uwanjani. Mfunge mwanafunzi mmoja kitambaa machoni aufuate mstari huo polepole, huku mwenzake akimwelekeza: “kushoto”, “kulia”. Mara ya kwanza amri itolewe papo hapo. Mara ya pili mwelekezaji ahesabu moja hadi nne kimoyomoyo kabla ya kusema aliloliona. Pimeni umbali wa nyayo kutoka kwenye mstari katika kila hatua, kisha mchore grafu mbili. Wanafunzi watauona kwa macho yao ugonjwa aliouchunguza Maxwell, na wataelewa kwa nini fito chakavu za lori kuukuu si jambo dogo.