Ugumu wa Hiari: Njia za Bonde la Ufa kwa Mzazi Mpanda Milima na Wanawe

Kila likizo ya Agosti na Desemba inapokaribia, sisi tunaoongoza matembezi huku Nakuru na Naivasha huulizwa swali lilelile na watu wa aina moja. Ni mama au baba aliyezoea milima. Amefika Point Lenana, Longonot ameizunguka mpaka haihesabu tena, na huenda bado anakimbia nusu marathoni. Sasa ana mtoto wa Gredi ya 1 na mwingine wa Gredi ya 4, na anatafuta mahali watakapotembea wote pamoja kutwa nzima. Asichokisema, kwa kuona haya, ni kwamba yeye naye angependa kufurahi. Amechoka kukaa chini ya mti langoni akilinda maji na ndizi huku mwenzake akipanda.

Wengi hujibiwa kwa kutajiwa mahali pepesi. Wepesi peke yake hautoshi. Uwanja wa mpira ni mwepesi, na sijamwona mpanda milima aliyeomba ruhusa kazini ili akauzunguke. Ardhi inayomfaa mzoefu mwenye watoto ni ile ambayo ugumu wake ni wa hiari: katikati pana njia laini anayoiweza mtoto, pembeni pana kazi ya kumtoa jasho mtu mzima, na njia zote mbili zinakutana tena mbele.

Wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya walilifahamu hili zamani. Miteremko yao hutiwa alama za rangi, buluu kwa mepesi, nyekundu kwa ya wastani, nyeusi kwa migumu. Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kenya, akalelewa Austria na kutuwakilisha katika Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang mwaka 2018, alijifunza mchezo huo kwenye milima ya huko. Mzazi stadi wa huko akiwa na watoto hachagui mteremko wa buluu ulionyooka tu. Huchagua ule wenye matuta na miti kandokando, ili mtoto ateleze katikati, yeye achepuke na kurudi, na wote washukie kwenye kituo kimoja cha lifti. Sisi hatuna theluji wala rangi. Mbao za langoni hutupa kilomita bila kutuambia ni kilomita za namna gani, kwa hiyo inabidi tuisome ardhi wenyewe.

Katika Bonde la Ufa la kati, hakuna mahali panapotimiza sharti hilo kama Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1984, ina ukubwa wa kilomita 68 za mraba, na ni miongoni mwa hifadhi chache za taifa nchini ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Ukishaingia kwa lango la Elsa, barabara inapita bondeni kati ya kuta za mawe zilizosimama wima. Sakafu ya bonde ni pana na karibu tambarare. Kutoka langoni hadi kituo cha askari kilicho juu ya korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8. Njiani utawaona pundamilia, twiga, ngiri, kongoni, swala na, mara nyingine, nyati. Tembo hakuna, na simba ni nadra sana.

Kwa nini bonde liwe tambarare hivyo na kuta ziwe wima hivyo? Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kuliko sasa, na maji yake yalifurika kuelekea kusini yakipitia hapa. Maji hayo ndiyo yaliyochonga mlango huu katika miamba ya volkano. Ukitazama kuta kwa makini utaona zimegawanyika kuwa nguzo ndefu zilizopangana. Lava inapopoa husinyaa, na ikisinyaa hupasuka, na nyufa hizo huteremka ndani ya mwamba zikiacha nguzo zenye pande tano au sita. Mwambie mtoto ahesabu pande za nguzo iliyoanguka. Kazi hiyo itamshikilia kuliko hotuba yoyote. Ukimwambia pia kwamba wachoraji wa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 walifika hapa kutafuta mandhari, ndiyo kabisa.

Mtoto ana baiskeli, wanyama na mawe. Mzoefu ana nini? Karibu na lango umesimama mnara wa Fischer, mwamba wa volkano wa kimo cha mita 25 hivi, uliopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Wapo waongozaji wenye kamba na helmeti wanaopandisha wageni. Hapo mzazi na mtoto wanaweza kupanda mwamba mmoja kwa njia tofauti, mmoja akipitia upande mwepesi na mwenzake upande wa kumtoa pumzi. Kuta kubwa za ndani zina njia ndefu ambazo wanachama wa Mountain Club of Kenya wamezipanda kwa miaka mingi, na hizo ni za wenye ujuzi na vifaa vyao. Pimbi wa hapo mnarani wamezoea watu na watakuja kuomba chakula. Msiwape.

Mkiwa watu wazima wawili, mmoja anaweza kuchepuka aende Buffalo Circuit, njia inayoacha barabara kuu na kupanda vilima vya upande wa kusini, huku mwenzake akiendelea polepole na watoto bondeni. Mkipeana saa na mahali pa kukutana, hakuna anayemsubiri mwenzake bure.

Mzazi aliye peke yake ana dawa nyingine, ambayo naipenda zaidi kwa sababu haimtenganishi na watoto. Abebe mzigo wote yeye. Maji ya watu watatu, chakula, masweta na pampu ya baiskeli vitamfanya atembee kwa mwendo wa mtoto na bado apumue kwa nguvu. Kwenye baiskeli, chukua mpira wa ndani wa tairi kuukuu, funga upande mmoja kwenye nguzo ya tandiko lako na mwingine kwenye shingo ya usukani wa mtoto, umvute panapopanda. Mpira hunyumbuka, kwa hiyo haumshtui anayevutwa. Panapoteremka ufungue kwanza, bila kusahau. Kilomita moja ya kumvuta mtoto wa kilo 25 juu ya mchanga itakunyamazisha hata kama umezoea kufanya mazoezi Iten.

Kuhusu baiskeli zenyewe: za kukodi zipo nje ya lango na kwenye njia panda ya barabara ya Moi South Lake, ila za kimo cha mtoto ni chache. Kama unayo nyumbani, ibebe. Kama huna, fika mapema, jaribu breki zote mbili kabla ya kulipa, na hakikisha mtoto anafikisha nyayo chini akiwa amekaa juu ya tandiko.

Ndani ya hifadhi hiyohiyo kuna mahali ambapo mzoefu atavutwa kuliko kote, nami sishauri watoto wadogo wapelekwe. Ni korongo la Ol Njorowa lenyewe. Kuta zake zinakaribiana mpaka anga inakuwa ufito, kuna chemchemi za maji ya moto ya kuunguza, na kuna mahali pa kushukia kwa mikono na makalio. Lina raha kweli. Lakini ubaya wake ni kwamba hatari yake haionekani. Mvua inaweza kunyesha mbali juu ya vilima wakati ninyi mko kwenye jua, na maji yote hayo yakapitia kwenye mwanya mliosimama. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana waliokuwa humo katika ziara ya kanisa. Septemba 2019 watu 7 walikufa kwa namna hiyohiyo. Septemba si mwezi wa masika wala wa vuli, kwa hiyo usitegemee kalenda. Mtu mzima anaweza kupanda ukutani haraka akisikia ngurumo. Mtoto wa miaka saba hawezi, na wewe huwezi kupanda ukiwa na wawili. Uliza langoni kama korongo liko wazi, na hata ukiambiwa liko wazi, watazameni watu wakishuka, mle chakula chenu juu.

Hapo ndipo sharti la pili linapoingia: ugumu uwe wa hiari, na hatari iwe inaonekana. Ukingo wa jabali unaonekana. Nyati anaonekana. Mafuriko ya korongoni hayaonekani mpaka yamefika.

Longonot nayo, ambayo kila mtu huitaja kwanza, inafeli sharti la kwanza. Mlima huo una kimo cha mita 2,776 na lango lake liko kwenye mita 2,150 hivi. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Kwa karatasi ni matembezi ya asubuhi. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado tunaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Safari nzima ya Longonot, kilomita 13.4 na kupanda mita 600 na ushei, inatoka karibu saa tatu na dakika arobaini na tano, na kwa kuwa ukingo hupanda na kushuka tena na tena, watu wengi humaliza kwa saa nne au tano. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi mimi huzidisha kanuni hiyo mara mbili. Hiyo ni siku nzima juani, juu ya majivu ya volkano yanayoteleza, na hakuna maji njiani. Zaidi ya hayo, njia ni moja. Ukishavuka nusu ya ukingo, kurudi na kuendelea ni sawa, na mzoefu hana pa kuchepukia. Fikeni ukingoni, mtazame msitu ulio ndani ya kreta, mshuke. Kuzunguka kusubiri mpaka mtoto aombe mwenyewe.

Menengai imedharauliwa bure, labda kwa sababu iko mlangoni pa mji. Kreta yake ina eneo la karibu kilomita 90 za mraba, na ukingo unafika mita 2,278. Mji wa Nakuru uko kwenye mita 1,850 hivi. Tofauti hiyo ya mita 400 na zaidi ndiyo hazina ya mzoefu: mzazi mmoja apande kwa miguu au kwa kukimbia kutoka mjini kupitia Milimani na msitu wa Menengai, mwingine aje na watoto kwa gari, na wote wakutane juu. Aliyepanda amekwisha kufanya kazi yake. Kuanzia hapo wote wanatembea ukingoni kwa mwendo wa mdogo kuliko wote, wakitazama lava nyeusi chini na mvuke unaofuka.

Wazee wa Kimaasai husimulia kwamba mvuke huo ni roho za mashujaa wa Ilaikipiak walioangushwa humo na Ilpurko katika vita vya karne ya 19. Simulia hadithi hiyo kwanza, maelezo ya kisayansi yafuate: maji ya mvua hupenya chini, hukutana na mwamba wa moto, hurudi juu yakiwa mvuke. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima humo mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kuzalisha umeme. Kushuka ndani ya kreta kwa miguu usikufanye na watoto. Huko kazi ngumu huja mwisho, wakati miguu imeisha. Na msituni nendeni kundi, pamoja na mtu anayeijua njia.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, Hyrax Hill iko kilomita chache tu kutoka katikati ya Nakuru. Kilima ni kifupi na mzoefu atakimaliza kabla hajapasha misuli moto, lakini atakayemtuliza ni Mary Leakey, aliyechimba hapo miaka ya 1930 na kufukua makaburi na makazi ya kale. Kuna mbao za bao zilizochongwa juu ya mwamba. Bebeni kete zenu. Kisiwa cha Crescent, huko Naivasha, kinafaa kwa siku ya kwanza ya mtoto kutembea karibu na twiga, kwa kuwa hakuna wanyama wawindaji. Angalieni viboko tu mkiwa ufukweni. Mzoefu atakayetaka jasho hapo hatalipata.

Hifadhi za taifa hufungua saa 12 asubuhi, na malipo hufanywa kwa simu kabla ya kuingia, kwa hiyo maliza hayo nyumbani ili mfike kabla ya joto. Kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori na kaunti ya Nakuru nina ombi lisilohitaji bajeti kubwa: chini ya zile kilomita zilizoandikwa kwenye mbao za langoni, ongezeni mita za kupanda, muda wa mtu mzima, muda wa mtoto, na mahali pa mwisho ambapo familia inaweza kugeuza ikarudi bila kuchelewa.