Je, Wajua? Programu Inapokufa Kimyakimya

Je, wajua kwamba kwenye Linux programu inaweza kuuawa bila kupewa nafasi ya kuandika hata neno moja? Ishara namba 9, SIGKILL, hainaswi wala haipuuzwi. Ndiyo maana logi hukatika ghafla na fundi akaapa kwamba hakukuwa na kosa lolote.

Na muuaji mara nyingi ni kerneli yenyewe, wajua? Linux hukubali kuahidi memori zaidi ya iliyopo, ikitumaini kwamba programu zote hazitaidai kwa pamoja. Zikiidai, kerneli huipa kila moja alama, na yenye alama kubwa, kwa kawaida ile inayokula memori kuliko wenzake, ndiyo hutolewa kafara. Hifadhidata huponzwa sana na desturi hii. Andika dmesg, utafute maneno Out of memory: jina la marehemu liko hapo, na namba yake pia.

Wajua kwamba kifo huacha namba? Kazi ikikatika, andika echo $? papo hapo, kisha utoe 128. Ukipata 137, ni ishara 9. Kwa 139 ni 11: programu imegusa memori isiyo yake. 143 ni 15, yaani kuna aliyeiomba ifunge. 129 ni 1, na mara nyingi maana yake ni kwamba terminali imefungwa au SSH imekatika. Amri ya nohup ilitungwa kwa ajili hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba mstari wa mwisho wa logi si lazima uwe mahali programu ilipofia? Matokeo yakienda kwenye terminali, programu nyingi huyaandika mstari kwa mstari. Yakielekezwa kwenye faili, hukusanywa kwanza, mara nyingi hadi baiti 4,096, ndipo yaandikwe kwa mkupuo. SIGKILL ikifika kabla fungu halijajaa, mistari uliyoihitaji hasa hupotea. Watu hukesha wakichunguza sehemu ya msimbo isiyo na hatia! Kwa Python, endesha programu kwa -u ili matokeo yasikusanywe.

Wajua pia kwamba programu nyingine hazijafa, zimekwama tu? Mashine ya upande wa pili ikizimika bila kuaga, programu inayosubiri kusoma kwenye TCP inaweza kusubiri milele. Ukaguzi wa uhai wa muunganisho haujiwashi wenyewe, na hata ukiwashwa, husubiri kwanza sekunde 7,200 za ukimya. Amri ya strace -p itakuonyesha ilipokwama. Ukiona herufi D kwenye ps, hata kill -9 itabidi ingoje.

Na hili je? Kwenye kerneli za zamani, kaunta ya saa ya biti 32, ikidunda mara 100 kwa sekunde, ilijaa baada ya siku 497 na kuanza upya kutoka sifuri. Nani angesubiri muda wote huo kukamata kosa linaloletwa na kujaa huko? Wasanifu wakaamua kaunta ianze ikiwa imebakiza dakika 5 tu ijae.