Usingizi Eastleigh: Nyumba Moja, Saa Tofauti

Eastleigh hailali kwa wakati mmoja. Maduka ya First Avenue yanapofungwa usiku, malori huingia kushusha mizigo. Kabla ya mapambazuko mabasi ya Garissa yanapakia abiria, adhana inasikika na wanafunzi wanaamka. Wakati huohuo mlinzi anatoka lindo akitafuta mahali pa kulala, mama anamnyonyesha mtoto kwa mara ya tatu, na mzee yuko macho tangu saa tisa usiku. Mara nyingi watu hawa wanaishi chini ya paa moja, na wengine katika chumba kimoja.

Kwa sababu hiyo, usingizi wa mkazi mmoja hutegemea sana wenzake. Makala hii inaeleza kazi ya usingizi mwilini, kiasi ambacho kila kundi linahitaji, na yale ambayo familia, waajiri na majirani wanaweza kufanya ili kila mtu apate mapumziko yake.

Kazi ya usingizi mwilini

Mtu anapolala, mwili wake hauachi kufanya kazi. Shinikizo la damu hushuka, na moyo na mishipa hupata nafuu. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi katika usingizi mzito. Ubongo hupanga na kuhifadhi yale ambayo mtu amejifunza mchana, na kinga ya mwili hujiimarisha.

Usingizi unapopungua, madhara huonekana mapema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, vijana 11 wenye afya njema walilala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo. Katika siku hizo chache, miili yao ilianza kushindwa kudhibiti sukari ya damu kama kawaida. Utafiti mwingine wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watu waliokuwa wakilala chini ya saa 7 walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 zaidi wa kupata mafua baada ya kuwekewa virusi vyake puani, wakilinganishwa na waliolala saa 8 au zaidi.

Jambo hili lina uzito nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kulala muda mfupi kwa miaka mingi huongeza hatari ya ugonjwa huo, pamoja na kisukari na unene wa kupita kiasi.

Kila umri na kiasi chake

Kiasi kinachopendekezwa na wataalamu kwa kila saa 24 ni hiki:

- Mtoto mchanga hadi miezi 3: saa 14 hadi 17
- Miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16
- Mwaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14
- Miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13
- Miaka 6 hadi 12: saa 9 hadi 12
- Miaka 13 hadi 18: saa 8 hadi 10
- Watu wazima: saa 7 au zaidi
- Wazee wa miaka 65 na zaidi: saa 7 hadi 8

Kwa watoto wadogo, usingizi wa mchana huhesabiwa ndani ya kiasi hicho.

Wanafunzi

Watoto wengi wa Eastleigh hutoka shuleni wakaenda madrasa, kisha hurudi nyumbani kufanya kazi za shule. Mtoto wa miaka 10 anayeamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri anatakiwa awe amelala kufikia saa mbili na nusu usiku ili apate angalau saa 9. Katika nyumba nyingi, saa hiyo ndipo chakula kinaandaliwa, televisheni imewashwa na wageni wapo sebuleni, na sebule hiyo ndiyo chumba cha kulala cha watoto.

Mtoto ambaye hakulala vya kutosha si lazima aonekane mchovu. Wengine huwa watundu, hukasirika upesi au husahau walichofundishwa jana, na huadhibiwa kwa utovu wa nidhamu wakati tatizo ni usingizi. Kwa vijana kuna jambo la ziada: katika umri wa kubalehe, saa ya mwili husogea mbele, kwa hiyo kijana hupata usingizi kwa kuchelewa hata akilala kitandani mapema. Simu mkononi huzidisha hali hiyo.

Wazazi wanaweza kuwapa watoto chakula kabla ya watu wazima, kukusanya simu zote mahali pamoja saa moja kabla ya kulala, na kuzungumza na walimu wa shule na madrasa kuhusu ratiba. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema kuwa shule ya kutwa isimlazimishe mwanafunzi kufika kwa masomo kabla ya saa moja na robo asubuhi.

Wanaofanya kazi usiku

Walinzi, wauguzi, wapakiaji mizigo, madereva na wapishi wa hoteli hulala watu wengine wakiwa kazini. Usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi, kwa sababu ubongo una saa yake inayofuata mwanga wa jua. Wanasayansi watatu waliogundua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembechembe za mwili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeorodhesha kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Hii haina maana kwamba kila mlinzi ataugua, bali kwamba mapumziko yake yanastahili kulindwa.

Dirisha lenye pazia zito au blanketi husaidia kuzuia mwanga. Familia inaweza kukubaliana kuwa, kwa mfano, tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana redio haifunguliwi na watoto wanacheza nje. Kwa upande wa waajiri, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Wanaoendesha vyombo vya moto wana hatari ya karibu zaidi. Watafiti wamepima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo wakakuta wanafanya makosa kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu barabarani. Mwendeshaji wa bodaboda aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hufikia hali hiyo saa nne usiku, hata kama hajaonja pombe. Kulala dakika 20 kabla ya kuendelea na safari kunaweza kuokoa maisha ya watu wawili.

Miraa, chai na kahawa

Miraa kutoka Meru ina kathinoni, kemikali inayochangamsha ubongo na kufukuza usingizi. Anayetafuna jioni huweza kukesha hadi alfajiri, akaamka amechoka, kisha akahitaji miraa tena mchana ili akae macho. Hivyo ndivyo wiki nzima inavyopita bila usingizi wa kutosha. Kafeini iliyo katika chai na kahawa nayo hukaa mwilini: saa 5 hivi baada ya kunywa, takriban nusu yake bado ipo. Mfanyabiashara anayetaka kulala saa tano usiku afadhali anywe kikombe chake cha mwisho alasiri.

Waja wazito na watoto wachanga

Mama mjamzito aliyepita wiki 28 anashauriwa kulala kwa ubavu, si chali, ili damu imfikie mtoto vizuri. Mtoto mchanga naye alazwe chali, mahali pagumu kiasi, bila mito wala blanketi zinazoweza kumfunika uso. Mama anayeamka mara nyingi usiku anahitaji kulala mchana mtoto anapolala, na jamaa wa nyumbani wanaweza kumpokea kazi kwa muda huo.

Msimu wa baridi wa Juni na Julai, jiko la makaa lisiachwe likiwaka katika chumba cha kulala. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Wazee

Wazee wengi husinzia mapema na kuamka usiku wa manane, na mara nyingi hilo ni badiliko la kawaida la umri. Watafiti waliochunguza watu wazima 33 wa jamii ya Wahadzabe, kaskazini mwa Tanzania, walitoa matokeo yao mwaka 2017. Kwa siku 20, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa jumla ya dakika 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, na hivyo karibu kila wakati alikuwepo mtu wa kusikia hatari ikija.

Mzee anayeamka mapema lakini ana nguvu mchana hana haja ya dawa. Anachohitaji ni kupata mwanga wa jua asubuhi, kutembea kidogo, na kutolala muda mrefu mchana.

Mwezi wa Ramadhani

Tarawehe na daku hugawa usiku vipande viwili. Wengi hufidia kwa kulala kidogo baada ya adhuhuri, na dakika 20 hadi 30 hutosha kumpa mtu nguvu. Wenye kisukari au shinikizo la damu wamwone mhudumu wa afya kabla ya mwezi kuanza, ili saa za dawa zao zipangwe upya.

Kelele na haki ya jirani

Katiba ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele. Kanuni za kitaifa za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha juu cha sauti katika maeneo ya makazi wakati huo ni desibeli 35, sauti isiyofikia mazungumzo ya kawaida. Vipaza sauti vya matangazo ya biashara, honi za matatu na jenereta zisizofunikwa huwanyima usingizi watu ambao hawajulikani hata kwa wanaopiga kelele hizo.

Wakati wa kutafuta msaada

Anayekosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi 3, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Vivyo hivyo anayekoroma sana huku pumzi ikikatika, au anayesinzia akiwa kazini. Wapo pia wakazi waliopitia vita au kufiwa ambao jinamizi huwaamsha kila usiku. Huo ni ugonjwa unaotibika wala si aibu. Dawa za usingizi zisinunuliwe bila ushauri wa daktari.

Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vya kazi tangu Septemba 2023, hupima shinikizo la damu na sukari nyumba kwa nyumba. Mhudumu anapofika, mkazi amweleze pia analala saa ngapi, na ni nani nyumbani asiyelala.