Mawa naye aseme: Penzi la Mbatha na Rabeka upande wa jamaa wa Nairobi

Wengi wetu tulizikuta riwaya za Pacesetters kwenye kabati la mjomba au shangazi: vitabu vyembamba vya Macmillan, kurasa za manjano, jalada limeshikiliwa kwa selotepu. Kimojawapo ni cha kwetu Ukambani, For Mbatha and Rabeka (1980), chake David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni.

Stori yenyewe unaijua hata kama hujaisoma. Mbatha ni mwalimu. Rabeka, mwalimu wa kijijini vilevile, ni mpenzi wake tangu utotoni na kila mtu anangoja harusi. Kisha Rabeka anatembelea Nairobi, anakutana na Honeycomb Mawa, mtu wa starehe za mjini, na moyo unayumba.

Nilipokuwa shule nilimchukia Mawa kabisa. Mwaka huu nimekisoma tena, sasa nikiwa mpangaji Nairobi. Wueh! Kumbe Mawa ni mimi.

Hebu tazama jalada. Jamaa ndiye anayevuruga kila kitu, lakini jina lake halimo.

Jean Rhys aliwahi kumtetea mhusika wa aina hiyo. Mwaka 1966 alimchukua yule mke aliyefungiwa darini katika Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847, akamwandikia kitabu kizima, Wide Sargasso Sea. Mtu aliyekuwa vicheko na vishindo tu usiku akapata utoto, na hata jina jingine, Antoinette.

Kwa hivyo nami nikajaribu. Mawa wangu ni wa siku hizi, kwao nimempa Mutomo, kule Kitui, na anaanza hivi:

"Gari ni la mkopo. Rabeka hajui, Mwaitu hajui. Desemba nikikata kona pale Kibwezi kuelekea nyumbani, tayari najua watoto watahesabu nilichobeba. Nikishusha unga, mafuta na sukari, mimi ni mtu. Nikifika kwa basi, wananong'ona kwamba nimefutwa kazi. Rabeka alipocheka ndani ya gari langu, nilitaka kumwambia yote. Nikaongeza sauti ya redio."

Nilijiona mkali sana hapo. (Usicheke, ni mara yangu ya kwanza.)

Nikamtumia rafiki yangu wa Wote kurasa nne. Yeye ni mwalimu, na hana muda wa kubembeleza mtu. Alijibu kwa swali moja tu: "Na Rabeka anataka nini?"

Nilirudi kusoma nilichoandika. Mawa analalamika, Mbatha anaumia, na katikati yao kuna mwanamke mwenye kazi yake na mshahara wake ambaye katika kurasa zote nne amecheka mara moja na kunyamaza. Nilikuwa nimemsafisha Mawa kwa kumfuta Rabeka.

Nimeanza upya. Safari hii Rabeka ndiye anayezima redio.