Chandarua chako kinamkinga na jirani

Ndugu wakazi, wapo wanaouliza: hivi vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa wapi? Vilijaribiwa pwani yetu hii hii, huko Kilifi, Kenya. Mwaka 1993 watafiti waligawa eneo katika sehemu 56. Nusu zilipewa vyandarua, nusu hazikupewa kwanza. Baada ya miaka 2 wakahesabu. Palipokuwa na vyandarua, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa theluthi moja, na waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44.

Utafiti mwingine ulifanyika Asembo, karibu na Ziwa Viktoria. Huko hata watoto wasio na chandarua walipata nafuu, kama nyumba yao ilikuwa ndani ya mita 300 kutoka vijiji vyenye vyandarua. Mbu akigusa dawa hufa, hafiki kwa jirani. Hapa Mbau tumebanana, kwa hiyo ukikata chandarua ukavulie dagaa (njaa tunaijua sote), mtoto wa jirani naye umempunguzia kinga.

Chandarua kipya kitundikwe kivulini siku moja kabla ya kukilalia. Kifuliwe kwa sabuni ya kipande, kianikwe kivulini pia, maana jua huharibu dawa. Kama hema haina pa kufungia, simika miti minne, pindo zichomeke chini ya mkeka. Tundu lishonwe. Na mtoto akipata homa hata kama analala ndani ya chandarua, mleteni kituoni siku hiyo hiyo apimwe.